Gari la Njiku Lilikuwa Bado

Naikumbuka vizuri siku mama yake Njiku alipoingia gereji yetu pale Mkiwa, na jana, Daudi mwanangu, ulipocheka mbele ya yule mwalimu, nilimwona tena kama ndiyo kwanza anaingia. Ndiyo maana niliacha chai yako mezani nikaondoka bila kuaga. Vijana wako walidhani babu kachoka na jua. Sikuchoka. Nilikasirika, na hata sasa ninapokuandikia hasira haijaisha, kwa hiyo nivumilie.

Yule mwalimu alikuja na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa ujumbe kutoka gereji yako kwamba gari lake liko tayari, aje alichukue. Gari lenyewe lilikuwa juu ya jeki, gurudumu moja limeegemezwa ukutani. Ukamwambia, "Samahani mwalimu, hiyo ni kompyuta ya mhasibu, imeona umelipa tu. Mambo ya huku kwa mafundi haiyajui." Ukacheka, mafundi wakacheka, na mama wa watu naye akacheka kwa adabu. Nilipokuuliza kwa nini kompyuta ya kazi na kompyuta ya hesabu hazijuani, ukanijibu kwamba zinaweza kuunganishwa, yule aliyewauzia alikwambia hivyo, lakini mtafanya baadaye kwa sababu sasa hivi kazi zimewazidi.

Baadaye! Neno hilo nimelisikia sana katika maisha yangu na sijawahi kulipenda. Wewe ni mjukuu wangu, ila nimekuita mwanangu tangu ulipokuwa unatambaa kwenye oili ya gereji, na kwa haki hiyo nitasema bila kupamba.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia kila mtu afanye biashara. Gereji ya ushirika niliyojifunzia kazi ilikuwa imeshafungwa. Zamani zile magari yote tuliyotengeneza yalikuwa ya mwenyewe mmoja, yana namba kubwa ubavuni, hakuna cha kuchanganya. Ruksa ilipokuja, kila mwenye uwezo akanunua lori lililochoka huko lilikotoka, na gereji zikaota kando ya barabara, hii hapa na ile pale, kila mmoja anamwita mteja wa mwenzake. Bosi wetu alifungua ya kwake karibu na njia panda. Mimi nilikuwa fundi wa breki, kijana, naringa na ovaroli yangu.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililotuponza. Sisi mafundi gari tuliliita kwa jina la dereva. Dereva ndiye aliyelala nalo porini, ndiye aliyejua linalia wapi na linagoma lini. Mwenye gari alikaa mjini, hatukuwa na habari naye. Kwa hiyo kwenye kadi yangu ya kazi niliandika "Njiku, breki za nyuma," na kila fundi alielewa. Ofisini alikaa Filomena, karani, binti wa Manyoni mwenye mwandiko wa kupendeza. Yeye alimjua mwenye mali, kwa sababu mwenye mali ndiye alipaye. Dereva kwake alikuwa mtu wa kuchafua kiti. Kitabu chake cha hesabu kiliandika jina la tajiri, basi. Kati yake na sisi palikuwa na ukuta wa matofali wenye kidirisha cha kupitishia chai. Kwenye kidirisha kile hatukuwahi kupitisha neno lolote la kazi.

Tajiri mmoja wa mjini alikuwa na malori mawili, yote yakaingia kwetu kwa wakati mmoja. Moja lilikuwa na shida ya klachi. La pili aliliendesha Njiku, kijana wa Ihanja, mcheshi, anayekujua wewe na ukoo wako wote akishakunywa uji na wewe mara moja. Lake lilikuwa la breki. Nilipolifungua nikakuta raba za breki za nyuma zimekwisha kabisa, na mpya hazipo Mkiwa nzima. Bosi akataka nafasi, kuna basi linasubiri kuingia. Nikafanya kama tulivyofanya siku zote: nikaliponda bomba la breki za nyuma mpaka likaziba, ili mafuta yasivuje na za mbele zishike, nikarudisha magurudumu, tukalisogeza lori pembeni. Kwenye kadi nikaandika "bado." Kisha nikapanda gari kwenda Singida mjini kutafuta raba.

Nyuma yangu tajiri akaja. Akamuuliza Filomena anadaiwa nini. Filomena akafungua kitabu, akaona kazi ya klachi imekamilika, akamtajia ya klachi. Tajiri akadhani ndiyo hesabu yote. Akalipa, akaandikiwa karatasi ya kutokea getini yenye jina lake, na pale nje akamkuta Njiku anakunywa maji. "Nimeshalipa," akamwambia, "chukua gari, nenda Mitundu ukabebe mahindi." Njiku akafanya alivyoambiwa. Mlinzi akasoma jina la tajiri, akafungua geti. Mlinzi naye alifanya alivyoambiwa.

Njiku hakuwa mjinga. Alikanyaga breki palepale uani, lori likasimama. Lilikuwa tupu, breki za mbele ziliweza kulishika. Lilimfikisha Mitundu salama. Ila aliporudi na magunia mpaka juu, kwenye mteremko wa kushukia korongoni, alikanyaga na lori halikusimama. Likatoka barabarani, likalala juu ya mguu wake. Hospitali waliukata chini ya goti.

Nilirudi kutoka Singida nikakuta habari hiyo.

Bosi alituita sote ofisini. Hakuuliza habari za Njiku. Akaniambia nilete kadi yangu. Nikaileta. "Imeandikwa nini?" Nikajibu, "Breki za nyuma, bado." "Vizuri," akasema. Akamgeukia Filomena. "Kitabu chako?" Filomena alikuwa analia, akajibu kwa shida kwamba tajiri amelipa ya klachi na kitabu kinaonyesha hivyo. "Vizuri," akasema tena, na akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Kumbe sisi tuko safi. Kadi iko sawa, kitabu kiko sawa. Kosa ni la dereva, kachukua gari ambalo si zima." Mwanangu, nilitamani kumrukia. Kilichonizuia ni kwamba mlango ulikuwa wazi, na mlangoni alikuwa amesimama mama mtu mzima, kanga yake imejaa vumbi la barabara ya Ihanja.

Tulisimama sote. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Wewe umezaliwa huku, unajua maana ya mtu mzima kuinyamazia shikamoo. Tukamwamkia tena, akatutazama tu, mmoja mmoja. Bosi akaanza kumweleza kwamba vitabu vya gereji viko safi kabisa. Alimwacha amalize.

Kisha akauliza, "Nani kati yenu alijua kwamba gari la mwanangu halijapona?"

Nikasema, "Mimi, mama."

"Na nani aliyeruhusu litoke?"

Filomena akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Wewe unakaa wapi, na huyu anakaa wapi?" Filomena akaonyesha ukuta. Yule mama akausogelea, akaupapasa matofali yake, akachungulia kwenye kidirisha cha chai. Akasema jambo kwa Kinyaturu, peke yake, halafu akatugeukia.

"Mimi na mke mwenzangu hatusemezani. Miaka imepita, hata moto hatuombani. Lakini mtoto wangu akichemka homa, namgongea ukuta, naye anaamka. Na wa kwake akiugua, ananigongea. Tunachukiana, na tunagongeana. Nyinyi mnapendana, mnakunywa chai birika moja. Mlishindwa nini kugonga?"

Bosi alitaka kumpa nauli ya kurudia, akaikataa. Alitaka kitu kimoja tu: Njiku akitoka hospitali awekwe pale getini, awe mlinzi. "Gari likitaka kutoka, lipite mbele yake," alisema. "Muwe mnamtazama kwanza." Bosi alikubali, nadhani kwa kuogopa polisi, maana baadaye alinung'unika sana.

Filomena na mimi hatukusubiri kuambiwa. Kila gari lililoingia tulilipatia namba yetu wenyewe, tukaiandika kwa chaki kwenye kioo cha mbele. Namba hiyohiyo ikaenda kwenye kadi ya fundi, hiyohiyo kwenye kitabu cha hesabu, hiyohiyo kwenye stakabadhi na kwenye karatasi ya geti. Filomena hakuandika kutoka kwa gari lolote mpaka kadi ipite kwenye kidirisha ikiwa na sahihi ya fundi. Nami sikufunga kazi bila kumpitishia kila spea niliyotumia, aiingize kwenye hesabu papo hapo. Bosi alikuja juu: tunachelewesha watu, wateja watavuka barabara, hii ni biashara huria. Wengine walivuka kweli. Nikamwambia wavuke. Ruksa ilikuwa ya kufanya biashara, sikusikia popote ikitangazwa ruksa ya kutoambiana.

Na pale getini alikaa Njiku na mkongojo wake. Alisoma chaki kwenye kioo, akasoma karatasi, akazilinganisha, kisha akamwambia dereva, "Haya ndugu yangu, kanyaga breki nikuone." Alitaniana nao wote. Ila siku moja fundi mmoja alileta karatasi isiyo na sahihi, akamwomba alipitishe gari hivyohivyo kwa kuwa tajiri ana haraka. Njiku alipandisha suruali yake mpaka kwenye goti, akakaa hivyo mpaka fundi alipoondoka.

Sasa rudi kwako, Daudi. Wewe hukupewa ukuta wa matofali. Umeletewa mashine zinazoweza kuambiana kwa kufumba na kufumbua, na wewe mwenyewe ndiye uliyejenga ukuta katikati. Mafundi wako wanalijua gari kwa namba yake ya usajili, mhasibu wako anamjua mtu kwa jina la kwenye simu, na binti wa ofisini kwako, maskini, anakaa Jumamosi kunakili kutoka huku kwenda kule kwa kukumbukakumbuka. Jana ilikuwa mwalimu na gurudumu limevuliwa, kila mtu ameliona, mkacheka. Je, kama gurudumu lingekuwa limesharudishwa na kazi bado?

Nasaha yangu si ndefu. Mwite yule aliyekuuzia, wiki hii, aziunganishe. Kila gari liwe na namba moja, na namba hiyo ionekane kwa fundi na kwa mhasibu bila mtu kunakili. Pesa ikiingia, fundi aone. Kazi ikiwa bado, mhasibu aone, na pasitoke ujumbe wa "liko tayari" mpaka fundi amesema kwa mkono wake. Akikwambia itachukua siku mbili gereji imefungwa, ifunge. Na mwalimu yule umpigie umwombe radhi bila kucheka.

Jumatatu nakuja na mgeni. Amezeeka, anatembea polepole, na mama yake alishatangulia mbele ya haki bila kuniitikia shikamoo ile. Mpe kiti karibu na geti, mletee chai, mwamkie vizuri. Usimweleze kwamba vitabu vyako viko safi.

Mungu akubariki, mwanangu, akuongezee wateja mpaka uani pasitoshe, na kila gari litakalotoka getini kwako lisimame pale dereva anapotaka lisimame.