Redio ya Darasa la Nne

Saa nne kamili asubuhi, siku ya Jumatatu, mwalimu alizungusha kitufe na redio ikaanza kusema katika darasa la nne. Ilipofika saa nne na dakika tano, hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyekaa.

Kijiji chetu kiko upande wa Malolo, Ruangwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipopunguza watu kule Nachingwea, niliacha ufundi wa matrekta nikarudi kulima, na wazazi wakaniingiza katika kamati ya shule. Tulikuwa tumeuza ufuta wa pamoja ili tununue mabati, maana paa la nyasi lilivuja hadi maandishi yakafutika ubaoni. Kamati ikabadili nia. Redio, walisema, italeta mwalimu wa Dar es Salaam bila kumlipia nauli. Nilipinga, nikashindwa.

Hakuna aliyefikiria suala la adabu. Kwetu mtoto hakai huku mtu mzima amesimama. Wazee walikuja kumsikia mgeni huyo wa redioni, watoto wakawapisha madawati, kisha wakatoka nje kwa kukosa nafasi. Mwalimu, kijana wa kutoka Masasi, hakuthubutu kuwazuia. Nilipomkumbusha mzee mmoja kwamba kipindi kile ni cha watoto, alinijibu bila kunitazama, "Masikio yao bado mapya, mwanangu. Yatasikia hata dirishani."

Ikawa hivyo kila siku ya kipindi. Binti yangu alikuwa darasa hilo, na mwisho wa mwaka ulikuwapo mtihani wa kuingia shule ya kati, inayoanzia darasa la tano. Wiki ya tatu nilimkuta nyumbani saa za masomo, ameshika kikapu.

"Mwalimu alituuliza redio imesema nini," aliniambia. "Nikamjibu imekohoa, maana ndicho nilichosikia. Akanichapa."

"Na leo?"

"Leo naokota korosho, baba. Korosho naziona."

Sikumgombeza. Nilikwenda kwa wazee nikawaambia kwamba mgeni wao anateseka na joto mle darasani, na barazani kwa mwenye duka kuna upepo. Walikubali mara moja, wakaibeba redio wenyewe. Madawati yakarudi kwa wenyewe, na binti yangu naye akarudi.

Barazani redio iliimba kutwa nzima, tangu asubuhi hadi watu wanakwenda kulala, na betri ikaisha kabla ya mvua. Nilipoitisha mchango wa betri nyingine, kila mtu alikumbuka kwamba redio ni mali ya shule. Mabati hatukuwa nayo. Mtihani ulifanyika siku ya mvua kubwa. Binti yangu aliandika ameinama, akiikinga karatasi kwa mgongo wake, gauni likamlowa lote. Alifaulu.

Redio haikumfundisha kitu. Yenyewe shilingi mia moja na ishirini, betri ishirini na tano. Jumla ya hasara: shilingi mia moja arobaini na tano.