Sayari za Kingori na Shamba la Wamagana

Mume wangu aliwahi kuwa na sayari mia mbili na kumi. Nilizihesabu mimi mwenyewe kwenye daftari lake, siku moja nikiwa nimekasirika. Mia mbili na kumi, kila moja na jina lake, na mwenyewe hana mahali pa kupanda hata shina moja la sukuma wiki. Msinielewe vibaya, simchukii. Nimekaa naye miaka kumi na mmoja na nimemzalia Lynn. Lakini leo nitamsema, mniwie radhi.

Anaitwa Kingori. Ni fundi wa printa na mashine za kopi hapa Nyeri mjini. Ofisi ikikwama na karatasi, au shule ikibaki na mtihani nusu umechapwa, ndiye anayeitwa. Hana haraka. Anaweza kukaa saa tatu kwa magoti akitafuta springi ndogo iliyodondoka chini ya meza, na asitukane hata mara moja. Kwetu sisi ni watu wa kelele, na mimi ndiye naongoza. Nilipomwona huyo mwanamume mtulivu nikasema, haya, hapa nitapumzika.

Kumbe utulivu wake wote alikuwa amempa Sagar na kompyuta. Sagar ni mtoto wa duka la vitambaa. Wamejuana na Kingori tangu darasa la kwanza, na Kikuyu chake kinamshinda Lynn wangu mbali sana. Juu ya duka la baba yake kuna chumba chenye kompyuta mbili zinazotazamana, na hapo ndipo walipoanza mchezo wao miaka minne iliyopita. Ni mchezo wa kutawala angani. Unaanza na sayari moja, unajenga, unatuma meli, unaongea na mataifa mengine, ikibidi unapigana. Kila mmoja anapanga mambo yake, kisha mnabonyeza zamu, na mwaka wa huko unapita. Kampeni moja tu, haijawahi kubadilishwa, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Dola lao waliliita Tetu Kuu. Sayari walizipa majina ya vijiji vyetu, na vijiji vilipoisha wakaingia kwa majina ya shangazi zao, wa huku na wa India.

Sitadanganya, mwanzoni hata mimi nilipenda. Alikuwa akirudi jioni, anakula githeri huku akinipa habari, macho yanang'aa. Ati taifa fulani la viumbe wa mawe limekataa kuuza nyota ya mpakani. Ati ametuma balozi. Wiki inayofuata ati balozi amefukuzwa, na yeye ametuma mwingine na zawadi. Alibembeleza wale viumbe wa kuchorwa miezi mitatu, kwa nyota moja isiyo hata na hewa, mpaka wakampa. Siku hiyo alininunulia leso. Mimi nikawaza, mwanamume anayejua kudai kitu hivi bila kuchoka, siku ya kudai cha maana hatashindwa.

Cha maana kilikuwa shamba. Baba mkwe ana ekari nne Wamagana na watoto wawili wa kiume, Muriithi mkubwa na Kingori mdogo. Sehemu ya juu inagusa barabara, ni tambarare, ina majani chai na maji ya mfereji. Sehemu ya chini inateremka mpaka mtoni, na imejaa mawe hata mbuzi anachagua pa kukanyaga. Siku ya harusi yetu mzee alinisimamisha pale juu mbele ya watu akasema, "Mwanangu, hapa ndipo mtajenga." Tukaleta mawe ya msingi lori mbili. Tunakaa nyumba ya kupanga Ruring'u, na kila mara mwenye nyumba akinifokea kwa sababu ya maji ya kufua, nilikuwa nasema moyoni, ngoja tu wewe, niko na pahali pangu.

Basi mwaka jana mzee akatangaza atagawa. Jumamosi, saa nne. Kwetu mtu akigawia watoto wake, huletwa wazee wa ukoo, mnatembea shambani, na pale mpaka unapopita hupandwa itoka, ule mmea wa majani marefu usiokufa hata ukikatwa. Kila kijana husimama kwenye fungu lake. Kisha mbuzi huchinjwa, na nyama ikishaliwa, hakuna wa kung'oa itoka bila aibu kubwa. Mimi nilikwenda huko tangu asubuhi, kwa sababu mke wa mtoto ndiye anayepika.

Kingori akaniambia, "Tangulia, Mama Lynn. Niko na zamu mbili tatu na Sagar, tuko katikati ya vita. Saa sita niko huko."

"Mzee amesema saa nne!"

"Saa nne ya wazee? Si unajua mpaka wasalimiane, wanywe chai, waombe, wangoje yule ametoka mbali? Hiyo ni saa saba, bila wasiwasi."

Na haki ya Mungu, mara nyingine zote angekuwa sawa. Sijawahi kuona mkutano wa wazee wetu ukianza kabla ya saa saba. Mimi mwenyewe sikubishana sana, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini siku hiyo mzee aliyekuwa msimamizi alikuwa na mazishi Murang'a mchana. Saa nne kamili amefika, kofia mkononi, anasema chai itanywewa baadaye.

Nikakimbia nyuma ya jikoni nikampigia Kingori. Haishikwi. Nikapiga mara kumi na moja. Simu yake, nilijua baadaye, ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya kitambaa cha Sagar, imenyamazishwa, kwa sababu vita vilikuwa vimepamba moto. Wazee wakauliza, "Huyu kijana mwingine yuko wapi?" Na Muriithi, bila hata kukohoa, akajibu, "Ako njiani. Mimi ni ndugu yake, nitasimama kwa niaba yake." Akasimamia mafungu mawili peke yake! Akajiweka juu kando ya barabara, kisha akateremka, akasimama kwenye mawe akasema, "Na hii ni ya Kingori, anapenda utulivu." Wazee wakacheka. Itoka ikapandwa.

Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya ugali. Mke wa mtoto hasemi kwenye ardhi ya baba mkwe, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sufuria ikainama mkononi mwangu mpaka mama mkwe akaninyang'anya akidhani nitaiangusha. Nilimtazama baba mkwe. Aliangalia viatu vyake. Alikuwa anakumbuka siku ya harusi, mzee yule, nakwambia alikuwa anakumbuka.

Kingori alifika saa saba kasoro na kreti ya soda. Nyama ilikuwa inaisha. Baba yake akamwambia amechelewa lakini kazi imekwenda vizuri, na kwamba mambo yote yatapitishwa kwenye bodi ya ardhi, kwa hiyo mwenye neno ana muda mpaka siku hiyo. Muriithi akampa mbavu. Kingori akatazama itoka, akatazama lile teremko, akala mbavu. Nikamngoja aseme kitu. Akauliza kama kuna chumvi.

Bodi ingekaa baada ya miezi minane. Miezi minane! Mimi nikaona bado tuko hai. Nilimwambia, "Baba Lynn, enda uongee na mzee, polepole, vile unaongeanga na wale watu wako wa mawe. Mpelekee sukari. Rudi tena. Mzee anajua alikosea, anangoja tu mtu wa kumpa njia." Akasema sawa. Wiki zikapita. Nikimkumbusha, anasema sawa.

Na hapo ndipo mchezo nao ulipoanza kumtoka. Kwanza akaacha kunisimulia. Kisha akawa anatoka Jumamosi saa nne badala ya saa tatu, halafu saa tano. Daftari lake nikalikuta chini ya kitanda cha Lynn, limechorwa maua. Nilifurahi jamani, kwa nini nifiche? Nikasema hasira ya shamba imemwingia, sasa anajitayarisha.

Mwezi wa tano Sagar akanipigia simu. "Mama Lynn, Kingori ni mgonjwa?"

"Mgonjwa wa nini?"

"Basi njoo Jumamosi ujionee. Mimi nimeshindwa."

Nikaenda, nimebeba chapati kwenye kontena ili nisionekane mpelelezi. Nikawakuta wamekaa, kila mtu na kompyuta yake. Zamani, Sagar alinieleza, Kingori alikuwa anasoma kila ripoti, sayari moja moja, na zamu moja ilichukua saa nzima. Sasa ripoti zilikuwa zinajitokeza kwenye skrini, yeye anabonyeza zamu. Nyingine, zamu. Sayari mbili zilikuwa zimeasi, nyekundu kabisa hata mimi niliziona, moja ikiwa na jina la marehemu shangazi yake Sagar.

"Kingori, rafiki yangu, angalia basi," Sagar akamwambia. "Zimebaki zamu kama mia tatu tu tumalize. Miaka minne, bwana!"

"Si tulishashinda," Kingori akasema. "Tangu mwaka jana hakuna wa kutuweza. Kilichobaki ni kuzunguka tukipanga panga. Utamu umeisha."

Nikaweka chapati mezani, nikajikaza, nikauliza kwa upole nisiokuwa nao. "Baba Lynn, ni kwa sababu ya shamba?"

Akageuka akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Shamba gani?"

Ngai! Sagar akasimama akaenda dirishani kuangalia magari. Mimi nilikuwa nimengoja miezi mitano mtu huyu apike hasira, na sufuria haikuwa hata jikoni. Nikateremka ngazi bila kuaga, nikapita katikati ya vitambaa vya harusi na machozi yananitoka, na mamake Sagar akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Jumamosi iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata hiyo. Sagar alimtumia ujumbe mara nyingi, kisha akanyamaza. Kingori sasa alikuwa anashinda nyumbani, anatazama taarifa ya habari hata ile aliyoiona mchana. Nilidhani mchezo ndio ulikuwa unamla, na ukitoka nitarudishiwa mtu. Nilirudishiwa mwili. Hata mashine za kopi, mteja akimpigia, anasema atakuja kesho. Siku moja nilifika mahali pa kumwambia, "Si uende kwa Sagar kidogo, mcheze," mimi huyo huyo, na akanijibu kwamba mvua inanyesha. Haikuwa inanyesha sana.

Wiki ya bodi ilipofika, nilimkalisha chini. Nikamwandikia maneno kwenye karatasi, machache, ya heshima. Kwamba baba alituonyesha mahali siku ya harusi. Kwamba mawe ya msingi yako pale. Kwamba Kingori hakuwepo, na ndugu yake alichagua mafungu yote mawili. Akayasoma. Akasema ni maneno mazuri. Nikamwuliza, "Utayasema?" Akasema, "Nitayasema, Mama Lynn." Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Tukaenda sote, mzee na mama mkwe, Muriithi na suti yake, mimi na sketi ya kanisa. Bodi walikuwa watu saba nyuma ya meza ndefu, na familia nyingi zimejipanga kwenye mabenchi. Tulipoitwa, mwenyekiti, baba mmoja mnene mwenye sauti nzuri, akasoma: ekari mbili za juu, Muriithi, ekari mbili za chini, Kingori. Akamwuliza mama mkwe kama anakubali. Akakubali, akiangalia kitambaa chake. Akamwuliza Muriithi. Huyo hata hakungoja swali liishe.

"Na wewe, Kingori? Uko na neno lolote?"

Karatasi yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, niliiona pembe yake. Baba mkwe alikuwa amegeuza kichwa kumtazama. Nilimwona yule mzee, midomo imefunguka kidogo, anangoja. Angesema neno moja tu mtoto wake, yule mzee angemdaka. Najua.

"Sina neno," Kingori akasema. "Endeleeni tu."

Mwenyekiti hakuandika mara moja. Labda aliona uso wangu, sijui. Akaweka kalamu chini, akasema, "Na mama? Wewe ndio utaishi huko. Hapa ni ofisi ya serikali, ongea bila kuogopa. Uko na la kusema?"

Miezi yote minane nilikuwa nimetafuta mtu wa kuniuliza hivyo. Nilikuwa na maneno ya kujaza ile ofisi mpaka nje kwenye geti. Nikasimama. Muriithi akaangalia saa. Nikamtazama mume wangu, nikitaka anitazame tu, hata kwa kunikataza, hata kwa hasira, nijue kuna mtu ninayempigania. Alikuwa anaangalia mlango, kuona kama mvua ya nje imekwisha.

"Hatuna neno," nikasema.

Mihuri ikapigwa. Nje, Muriithi akatupeleka sote hotelini, akatuagizia chai na mandazi, akanisifu mbele ya wazazi wake kwamba mimi ni mke mwenye heshima, si kama hawa wa siku hizi. Kingori alikula mandazi matatu. Nilisema asante, nikanywa chai yangu yote.