Mama Alipoanza Kugawa Vyombo Vyake

Krismasi ya kwanza tulidhani mama ameamua tu kutufurahisha. Tulikuwa tumefika nyumbani Iyula sote watatu: kaka yetu mkubwa anayeishi Vwawa, mimi niliyetoka Tunduma ambako nina duka la vyombo, na mdogo wetu wa kike aliyeolewa Isongole, ambaye ni fundi wa kushona. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na tulirudi kanisani na matope miguuni. Baada ya wali na kuku, mama akatandika mkeka sebuleni, akaingia chumbani kwake, akaanza kutoa vitu.

Kaka akapewa koti la marehemu baba, lile zito alilokuwa akivaa asubuhi za baridi akienda kuchuma kahawa. Mdogo wangu akapewa karabai. Mimi nikapewa kinu na mchi, mchi wenyewe umelika katikati kwa mikono ya bibi na ya mama.

"Kila mwaka mnaniletea vipya," mama akasema. "Mwaka huu na mimi nawapa. Dukani sikwenda. Hivi mnavijua."

Tulifurahi, sisemi uongo. Kaka alivaa koti palepale ingawa mikono ilimfupikia. Mimi ninauza mabeseni ya plastiki ambayo mengine hayafiki Pasaka kabla ya kupasuka, kwa hiyo kile kinu nilikibeba hadi garini kama mtoto mchanga. Njiani tulisema kwamba zawadi ndiyo hiyo, kitu chenye jasho la mtu wako.

Mwaka uliofuata alitoa viti vinne kati ya sita, sufuria kubwa ya shughuli, na redio aliyokuwa akisikilizia taarifa ya habari kila jioni.

"Sasa mama, wewe utasikiliza nini?" kaka akauliza.

"Jirani anayo. Tena anaifungua kwa sauti mpaka huku inafika."

Tulicheka, lakini kidogo. Nilipotazama sebule niliona ukuta mtupu mahali ambapo nilikuwa sijawahi kuona ukuta.

Januari nilimpeleka hospitali, nikisema ni kupima macho. Daktari alimpima presha na sukari, akamwuliza leo ni siku gani, akamwuliza majina ya wajukuu. Mama akayataja yote, na la yule mwenye siku nane. Daktari akaniambia mama yangu ni mzima kabisa. Nina aibu kusema, ila nilitoka pale nimevunjika moyo. Ugonjwa ungekuwa na dawa.

Nikaona basi nijaze upya. Nilitoa dukani kwangu viti, sufuria na seti ya sahani, nikavipeleka Iyula. Nilipokwenda tena Pasaka, viti vilikuwa kwenye banda la kwaya, sufuria kwa bi harusi mmoja wa kitongoji cha pili, na sahani amebaki na mbili. "Mbili zinatosha," alisema. "Mimi na mgeni."

Kaka akamwomba mchungaji aende kuzungumza naye. Mchungaji alikwenda, akakaa saa nzima, akatoka amekumbatia saa ya ukutani. Alitupigia simu akijitetea. "Nilikataa mara tatu," alisema. "Mara ya nne nikaona namvunjia heshima."

Krismasi ya tatu ilikuwa zamu ya kitanda na cherehani. Kitanda cha mninga, alichotuzalia sote, alisema ni changu. Nikakataa kabisa, nikainuka.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. Ndipo akatueleza habari za dada yake, mama yetu mkubwa. Tulijua tu kwamba watoto wa yule mama hawasalimiani, sababu hatukuijua. Alipofariki, matanga hayajaisha, watoto wake walianza kuvutana kitanda na masanduku, na mama alikuwepo, akaona ndugu wa tumbo moja wakiraruliana nguo mbele ya waombolezaji. Tangu siku ile hawajakaa meza moja.

"Cha marehemu kinagombewa," mama akasema. "Lakini nikikupa mwenyewe huku nakutazama usoni, utakigombea na nani?"

Nilikiacha kitanda palepale chumbani nikaondoka. Siku tatu baadaye lori la mbao alilolituma mama lilisimama mbele ya duka langu Tunduma, vijana wakakishusha katikati ya foleni ya malori yanayovuka kwenda Nakonde. Mteja mmoja wa Zambia akakipapasa, akaniita mama kwa lugha ya kwao: "Bamayo, hiki bei gani?" Nikamwambia hakiuzwi. Nikakodi gari, nikakirudisha. Mama akamwambia dereva kwamba amekosea nyumba. Kikarudi tena. Mpaka sasa kimesimama stoo kwangu, kimeegemea maboksi ya vikombe, na mama analala kwenye godoro sakafuni. Godoro ndilo kitu pekee alichokubali kwangu.

Cherehani alimpa kaka. Sababu yake ilikuwa kwamba kaka ndiye aliyeibeba kichwani siku iliponunuliwa, akiwa mdogo, wala hakulalamika njia nzima. Ni sababu nzuri. Lakini fundi wetu ni mdogo wangu, na anashona kwa mashine ya kukodi. Siku ile alikunja mkeka, akaosha vyombo, akaaga.

Miezi michache baadaye alikwenda Vwawa, akaikuta cherehani ghalani chini ya magunia ya mahindi. Akaiomba. Wifi akamjibu, "Mama alimpa mume wangu mbele yenu wote. Ulikuwa na mdomo, mbona hukusema?" Kaka alikuwepo, akatoka nje.

Nilipompigia kaka, akaniambia, "Hiyo ni zawadi ya mama. Nikiitoa, nitakuwa nimemdharau." Nilipompigia mdogo wangu, akaniambia, "Dada, wewe una kitanda, usinifundishe subira." Nilimwambia akichukue kitanda, leo hii, nitakisafirisha. Akakata simu. Nilibaki nimesimama dukani na mteja ananisubiri nimfungie sahani.

Mama hatukumwambia. Hilo tu ndilo mimi na kaka tuliloafikiana.

Krismasi iliyopita mdogo wangu hakuja. Nikasema mtoto wake ana homa. Mama akasema tumpigie, basi. Nikajifanya natafuta mtandao, nikazunguka uani na simu mkononi huku mvua inanilowesha, nikarudi nikasema haipatikani. Kaka aliangalia miguu yake. Mama alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kisha akapakua chakula. Hakugawa kitu siku ile. Sijui kama ni kwa sababu hapakuwa tena na cha kugawa.

Wiki moja baadaye jirani alinipigia: mama amepanda basi asubuhi, ameaga kwamba anakwenda Isongole. Peke yake, msimu wa mvua, na barabara ya kwenda huko Ileje naijua ilivyo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilimpigia kaka, naye hakuwa ameagwa.

Alirudi siku ya nne. Nilikwenda kumpokea Vwawa stendi, nikamshika mkono kushuka. Viatu vyake vilikuwa vimeganda udongo mwekundu.

"Mama, huko mlizungumza nini?"

"Mjukuu wangu ameng'oka jino la mbele," akasema. "Anacheka vizuri."

Akaniomba nimnunulie maji ya kunywa, akanywa chupa nzima akiwa amesimama, akauliza gari la Iyula linaondoka saa ngapi.

Mdogo wangu bado hapokei simu zangu. Cherehani bado ipo Vwawa. Niliiona mwezi jana nilipopita, magunia yameongezwa juu yake.