Kiti Chekundu cha Bi Pasi

Kijiba cha roho hakipimwi hospitali, ndiyo maana Bi Pasi alikaa nacho miaka mitatu bila mtu kumwandikia dawa. Kilimwanza siku mama yake alipohamia kwa binti yake mdogo.

Hilo jina la Bi Pasi alipewa kazini, kwa dobi, anakonyoosha makoti meupe ya madaktari kutwa nzima huku mvuke ukimpiga usoni. Mikono yake imejaa alama za kuungua. Lakini jicho lake! Doa la ukubwa wa punje ya mtama analiona akiwa mlangoni. Jicho hilo karithi kwa mama yake, aliyewalea kwa kufua nguo za watu, na ambaye enzi zake hakuna mtoto aliyekanyaga nje na kola chafu.

Mdogo wake, mama anamwita Kipenzi. Mtu mzima, watoto wanne, bado Kipenzi! Na Bi Pasi je? Yeye ni "wewe". Mama anakula kwa Kipenzi, analala kwa Kipenzi, kwa Bi Pasi anakuja Jumapili moja kwa mwezi. Anakaa kwenye kigoda saa moja, anashika kiuno, anaaga. Bi Pasi akapiga hesabu zake za wivu, akapata jibu: shida ni kiti. Kwa Kipenzi kuna kochi.

Wakati huo macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia. Dada wawili wakakubaliana: Kipenzi amlipe daktari, Bi Pasi anunue miwani. Bi Pasi akajinyima miezi mitano, akazifunga pesa kwenye leso. Siku anazipeleka kwa muuza miwani, miguu ikampitisha mbele ya duka la samani. Ndani kulikuwa na kiti kimoja chekundu, mgongo mrefu, mikono minene.

"Kaa, dada. Kukaa ni bure," muuza samani akamwambia.

Akakaa. Jamani, kile kiti kilimpokea! Akamwona mama yake amekaa pale, tena si Jumapili tu. Akamwona na Kipenzi amekuja kumwamkia mama, amekaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni. Hiyo picha ya Kipenzi kigodani ndiyo iliyomponza.

"Potelea mbali," akasema, akafungua leso.

Furaha yenyewe ilidumu mpaka kiti kilipopita mlangoni. Kilijaza nusu ya chumba, kitanda kikabanwa ukutani, mwenyewe akabaki amesimama na leso tupu. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wa Bi Pasi hakungoja hata kukua. Asubuhi yake alikuwa dukani anabembeleza.

"Basi nirudishie hata nusu, kaka yangu."

Muuza samani akamwonyesha kibao ukutani: kilichouzwa hakirudi.

Jumapili ikafika. Kipenzi akamleta mama mpaka mlangoni, akageuza. Bi Pasi akamshika mama mkono, akamkalisha. Mama akapapasa kiti taratibu.

"Kizuri. Laini. Cha bluu hiki?"

Kiti chekundu kama pilipili! Bi Pasi akafumbua mdomo ajibu, ndipo akaliona: doa la mchuzi, limekauka, katikati ya kifua cha gauni la mama. Mama yake huyu huyu. Kwanza, sitawaficha, alimlaani Kipenzi kimoyomoyo. Amemwachaje mama atoke hivi? Halafu akaikumbuka leso, laana ikamrudia mwenyewe.

"Mama," akasema, machozi yakimtoka, "hicho kiti ulichokalia ni miwani yako."

Mama akamgeuzia uso. "Nani kakuambia nataka kiti?"

"Kwa Kipenzi unakaa siku zote. Kwangu saa moja tu!"

"Kwa Kipenzi mchana kuna mtu. Wewe uko kazini. Nikae hapa nipige soga na nani, na ukuta?"

"Na Jumapili?"

"Jumapili umechoka, wewe. Siioni sura yako vizuri, lakini sauti naisikia. Naondoka mapema ili ulale."

Bi Pasi akajifuta machozi kwa leso ile ile tupu.

Wiki ile alikitembeza kiti kwa maneno, kazini na mtaani, hakuna aliyekitaka. Aliyekubali ni mmoja tu, Kipenzi, tena kwa bei ile ile, bila kupunguza hata senti. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Si angebishana hata kidogo! Kiti kikabebwa kwenda kwa Kipenzi, kule kule anakokaa mama, na Bi Pasi akaenda moja kwa moja kununua miwani.

Alimvalisha mama mwenyewe, pale sebuleni kwa Kipenzi. Mama akapepesa macho, akatazama chini.

"Kumbe chekundu!" akacheka.

Halafu akamtazama mwanawe. Kicheko kikakatika. Akamshika mkono, akapandisha kidole kutoka kovu hadi kovu mpaka kwenye kiwiko.

"Haya ya lini?"

"Ya kazini, mama. Ya siku nyingi."

"Na kila nikikuuliza unasema hujambo." Mama akasogea pembeni. Kiti kilikuwa kipana. "Njoo ukae hapa, mwanangu."

Mwanangu! Bi Pasi akajibana pale, bega kwa bega na mama yake. Kipenzi akaingia na sinia la chai, akaangaza pa kukaa. Kochi limejaa watoto, kiti kimejaa watu. Akavuta kigoda, akakaa, magoti yakamfika kidevuni.

Bi Pasi alijaribu kwa nguvu zake zote asifurahi, lakini alishindwa.