Saa Nane na Nusu Angani

Kanisa lilipompatia mwanangu nafasi ya kupasuliwa moyo London, nilikuwa na kichanga mikononi, sikuweza kusafiri. Ikabidi baba yake aende naye. Mume wangu alikuwa fundi mwashi kule Kakuma, na Kiingereza chake kiliishia kwenye simenti na misumari. Mimi, mwalimu mwenye atlasi, nikabaki Lodwar kwa mama.

Nilichukua uzi nikaunyoosha kwenye ramani kutoka Nairobi hadi London. Karibu kilomita elfu saba. Lodwar hadi Kakuma ni mia moja na ishirini tu, na bado lori liliwahi kutuweka njiani kutwa nzima, laga, ule mto wa msimu, imefurika, mtoto huyo huyo midomo imegeuka zambarau mapajani mwangu. Sasa daktari alikuwa ametuonya kwamba hewa ya ndegeni ni nyepesi, moyo wake ungehangaika njia nzima. Saa nane na nusu.

"Watalala wapi njiani?" mama akauliza.

"Hawalali, mama. Wanapita tu juu."

"Mtoto mgonjwa, na hakuna mahali pa kupumzika?"

Nikamkaripia anyamaze. Nilikuwa naogopa swali lile lile.

Mume wangu alikuwa ameahidi kupiga simu ya parokia saa tatu, kesho yake baada ya kufika. Nilikuwa pale kabla katibu hajafungua mlango. Saa tatu ikafika, ikapita. Kila simu ilipolia roho iliniruka, kumbe ni mtu wa Lokichar anauliza habari za ubatizo. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshamzika mwanangu kichwani, nimeshachagua hata shati la kumvika. Katibu alipotaka kufunga ofisi akale, nilikaa kizingitini na kichanga changu nikamwambia aniruke kama ana ubavu. Alirudi mezani akanuna.

Saa tisa simu ikalia, na safari hii alikuwa mume wangu, sauti imetulia kabisa.

"Unataka kuniua?" nikafoka. "Tangu asubuhi niko hapa!"

"Kwani nimechelewa? Nilimwambia nesi apige three, saa ya Kenya. Saa tatu si ndiyo three?"

Three ni saa tisa! Nchi nzima inajua kugeuza saa, isipokuwa mtu niliyemkabidhi mtoto wangu. Nikamporomoshea maneno huku machozi yananitoka, katibu akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Kisha nikasikia pumzi fupi fupi kwenye simu, zile nilizozoea kuzisikiliza mtoto akiwa amelala kando yangu.

"Mama," mwanangu akasema, "mbona unagombana? Sisi tulifika jana."