Kuvu Katika Tuta la Kahindi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Nilikuwa nimetoka Rabai, shule ya misheni, cheti mfukoni, nikidhani kitalu cha serikali ni ofisi yenye meza na wino. Nyapara Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alinitazama juu hadi chini akaangua kicheko. "Haya, Danieli, harusi iko wapi? Vua hilo shati, ushike chekeche." Ndivyo nilivyoanza kazi ya miti huko Kisauni, upande wa Mjambere, wakati vita vya Wajerumani vikiendelea na mbao zimekuwa adimu mji mzima.

Kazi ya kitalu wakati huo ilikuwa kazi ya mikono na macho. Tuliatika mbegu, yaani tulizipanda kwa wingi pahali pamoja, kwenye matuta yaliyofunikwa kivuli cha makuti. Mche ukifika urefu wa kidole tunauhamisha. Udongo lazima upite kwenye chekeche hadi usione jani wala mzizi. Mimi nilizidisha. Niliukaanga udongo wangu motoni, kwenye pipa lililopasuliwa, nikaua kila kilicho hai ndani yake. Bwana Miti, ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu, aliuchota kiganjani akaunusa. "Huyu mtu safi kabisa," akamwambia Nyapara. Maneno yale yalinishibisha miaka miwili.

Kisha akaja Kahindi.

Alikuwa mtu wa Mwakirunge, ila alikaa miaka mingi bara, kwenye misitu ya kule kwenye baridi. Alishuka garimoshi Changamwe akafika kwetu na kikapu kizito kichwani. Tukadhani ni viazi. Kumbe ni udongo!

"Ndugu yangu," nikamwambia, "umetoka bara kote huko na mchanga? Huku kwetu umekwisha?"

"Si mchanga huu. Nimeuchota chini ya misonobari mikubwa. Wazee wa vitalu vya kule walinambia, mche wa msonobari bila udongo wa mama yake hausimami."

Watu walicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, na nilihakikisha Nyapara ananisikia.

Haukupita mwezi, Bwana Miti akaleta mbegu za misonobari. Alitaka kujaribu mti huo pwani kwa ajili ya mbao za masanduku. Nyapara Mkuu alikuwa karibu kustaafu, na cheo chake kila mtu alikitamani: nyumba ya bati, baiskeli ya serikali, na watu arobaini chini yako. Bwana Miti alitusimamisha mimi na Kahindi mbele ya watu wote. "Wewe tuta moja, wewe tuta moja. Nani misonobari yake nasimama, huyo nyapara."

Nikaukaanga udongo mara mbili. Kahindi alichanganya wake na ule wa kikapu, mkono kwa mkono, akatia maji kidogo, basi.

Mwezi wa pili miche yangu ikawa manjano. Wa tatu ikaingia rangi ya zambarau na kudumaa, haipandi wala haifi. Nilitia samadi, nikaongeza kivuli, nikapunguza kivuli, wapi! Na hatua kumi kutoka pale, tuta la Kahindi lilikuwa kijani cha kukera. Haya nayasema wazi kwa kuwa nimeshazeeka: roho iliniuma. Iliniuma kwa miche, iliniuma kwa namna alivyokuwa akiimba akimwagilia, iliniuma hata kwa mahamri. Mama Zawadi, aliyetuuzia chai, alianza kumwekea Kahindi hamri moja la ziada. Mimi nilikuwa nikinunua kwake tangu shati jeupe, na hajanipa hata kipande!

Alasiri moja Kahindi alikwenda kisimani, nami nikang'oa mche wake mmoja. Mizizi ilikuwa imevikwa nyuzi nyeupe, nyembamba kama pamba iliyochambuliwa, zimeshikana na chembe za udongo. Ukinusa, harufu ya uyoga. Kahindi akanikuta nao mkononi. Hakukasirika, na hilo pia liliniudhi.

"Hizo nyuzi ndizo zinazoulisha mche," akasema.

"Nyuzi gani? Kuvu hii."

"Kuvu, nyuzi, ita upendavyo. Ila usizioshe." Akatazama tuta langu, kisha akanitazama mimi. "Leta karai, Danieli. Nikupe udongo kidogo uchanganye kwako. Bado hujachelewa."

Nikamwambia sihitaji uchafu wa mtu.

Sasa mjue kwamba Kahindi hakusoma. Ripoti ya kila Jumamosi niliiandika mimi, naye Bwana Miti aliipokea ofisini kwake kisiwani. Jumamosi ile niliandika: "Tuta la Kahindi limeingia kuvu." Maneno matano, na hakuna hata moja la uongo. Lakini huku kwetu neno kuvu ni neno la mkate uliooza na mahindi ya kutupwa. Nililijua hilo nilipochovya kalamu. Bwana Miti alikuwa kitandani na homa, hakuja kutazama kwa macho yake. Akaleta barua: tuta limwagiwe maji yanayochemka, kikapu na udongo uliobaki vichomwe, na huyo aliyeleta ugonjwa wa bara arudi kwao.

Niliisoma barua hiyo kwa sauti, Kahindi amesimama mbele yangu. Maji niliyasimamia mwenyewe, debe baada ya debe. Siku ya nne miche ilikuwa myekundu kama kutu. Mwezi uliofuata Nyapara Mkuu alistaafu, na kwa kuwa mshindani hakuwapo tena, nilihamia nyumba ya bati.

Nilikuwa nyapara mwaka mzima, na msonobari hata mmoja haukusimama. Akaja Bwana Miti mwingine, kijana, anasema Kiswahili utadhani kalelewa Mvita. Aling'oa mche wangu, akautazama kwa kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa. Alitueleza jambo ambalo mimi hadi leo nawaeleza wajukuu. Iko kuvu inayoozesha, na iko kuvu inayolea. Hii ya kulea hujifunga kwenye ncha za mizizi, kisha hutandaza nyuzi zake mbali, mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Kutoka huko huleta maji na chumvi za ardhi. Mti nao huilipa kwa sukari unayoitengeneza majanini. Nyuzi hizo hizo hufunga chembe za udongo pamoja, hata mvua isiuchukue.

"Udongo wako ni safi mno, Nyapara," akasema. "Umekufa. Je, hapa hapajawahi kuwa na tuta lililokuwa na nyuzi nyeupe?"

Watu arobaini walinitazama. Nikajibu, "Lilikuwapo, Bwana."

"Basi utafute udongo wake. Usipopatikana, kazi hii ya misonobari tutaifunga, na nyapara wake hana kazi."

Nikapanda baiskeli ya serikali hadi Mwakirunge. Nyuma ya nyumba ya Kahindi niliiona misonobari mitano, imenipita kimo. Kumbe alipotoka stesheni alipitia kwao kwanza, akaacha kiasi cha udongo ule na miche mitano aliyotoka nayo bara. Hakuniuliza nimefuata nini. Alichimba chini ya miti, akajaza magunia mawili, akayafunga yeye mwenyewe nyuma ya baiskeli.

"Usiukaange," akasema. Akakaza kamba. "Barua ile ya Bwana Miti uliisoma vizuri sana, Danieli. Sauti safi. Ila ile ripoti yako iliyoitangulia hukunisomea."

Nilisukuma baiskeli hadi barabarani, sikuipanda.

Misonobari ilisimama. Cheo kilibaki kwangu, nikahamishiwa Likoni, nikarudi Changamwe, wakubwa wakabadilika na bendera ikabadilika. Kwenu ninyi mnaolima leo nasema hivi: msiuchome udongo, msiuache uchi juani, majani yaliyooza yaacheni mahali pake, na mkiona nyuzi nyeupe mizizini, zifunikeni mwende zenu. Haya nimeyafundisha mbele ya watu wengi, na kila mara watu walidhani nimeyavumbua mimi.

Nilipostaafu, siku ya kuniaga walichinja mbuzi. Mkubwa wa idara alisimama akasema kwamba mimi ndiye baba wa misonobari ya pwani. Kahindi alikuwa amealikwa pamoja na wazee wa vijiji, ameketi mstari wa nyuma, kofia magotini. Nikasimama nijibu. Jina lake lilikuwa ulimini, haki ya Mungu, lilikuwa pale. Nikamshukuru Nyapara wa zamani, nikawashukuru Mabwana Miti wote wawili, nikamshukuru mke wangu, nikaketi.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Kahindi. Alipiga kwa furaha ya kweli, nami nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha heshima, nikamwonea wivu.