Mzee Hezroni Anatembea

Hezroni alikuwa hajawahi kwenda mahali bila sababu. Miaka yote aliyouza maharage na tangawizi sokoni Same, kila safari yake ilikuwa na gunia upande mmoja na mnunuzi upande wa pili. Akipanda milimani, anafuata tangawizi. Akiteremka Makanya, anawapelekea maharage wachimba jasi ya viwanda vya saruji. Hata harusi hakwenda mpaka ajue nani mwingine kaalikwa na ana mzigo gani. Watu walimheshimu kwa hilo. Kwa hiyo baiskeli ya umeme ilipoingia nyumbani kwake, soko zima lilijua kuna biashara nyuma yake.

Aliipata kwa kijana wa Kizungu wa mradi mmoja wa mazingira, mradi uliokwisha kabla mazingira hayajajua kwamba umeanza. Kijana alikuwa na ndege ya kuwahi na vyombo vya kuuza, na hakuna muuzaji mtamu kama mwenye ndege ya kuwahi. Hezroni alifika asubuhi, akaiangalia baiskeli, akasikitika, akaenda zake. Mchana akarudi kuuliza mbona tairi zina vumbi. Jioni, taksi ikinguruma mlangoni, akaulizia tena bei kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefika msibani. Akaondoka na baiskeli, chaja, kofia ngumu, na jozi ya glavu ambazo hazikuwemo kabisa kwenye mazungumzo.

Mpango ulikuwa aiuze wiki ileile. Lakini huwezi kuuza kitu usichojua ubovu wake, na ndipo alipokosea: aliijaribu.

Alitoka alfajiri, akaupita mji, akaingia barabara ya vumbi yenye mkonge na miiba pande zote. Akakanyaga pedali mara moja, na kitu kikamsukuma kwa nyuma polepole, kama mkono wa askari mstaarabu. Kilima kikaja, miguu haikulalamika. Upepo ukampiga usoni, akainua macho, akaiona milima. Hezroni alikuwa ameishi chini ya milima ile maisha yake yote, akiijua kama barabara mbovu inayochelewesha malori. Kumbe ina rangi. Chini ya kijivu kulikuwa na buluu, juu ya buluu kijani, na juu kabisa wingu limekaa kama limelipia nafasi.

Alirudi nyumbani akiwa na aibu, kama mtu aliyekula peke yake. Mnunuzi alipokuja akaambiwa baiskeli haiuzwi.

"Unaongeza bei?" mnunuzi akauliza.

"Haiuzwi."

"Basi unaongeza sana."

Asubuhi iliyofuata alipita kijiwe cha bodaboda amevaa kofia na glavu zake. Ibrahimu, mwenyekiti wa kijiwe, mtu asiyeweza kuacha kitu kipite bila ushuru wa maneno, akamsimamisha.

"Shikamoo, mzee. Mbona pikipiki yako imekata sauti?"

"Marahaba. Haijakata. Imelelewa vizuri."

"Yangu mie nikiiwasha hapa, mama mkwe anajua nakuja."

"Ndiyo maana kila siku humkuti."

Kijiwe kikaangua kicheko. Ibrahimu alicheka pia, kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Sasa mzee wangu, unaenda wapi?"

"Natembea tu."

Ibrahimu akamtazama kwa muda. Akatazama huku na huku. "Sawa, mzee," akanong'ona. "Hatumwambii mtu."

Safari ile ilikuwa ya Makanya. Hezroni alitaka kuona jua linavyopiga kwenye jasi, kwa kuwa siku zote alikuwa amelipita bonde lile akihesabu magunia. Na kweli lilipiga. Ardhi ilikuwa nyeupe mpaka ikamlazimu kufumba jicho moja. Mwenye shimo mmoja akamfuata, mikono nyuma.

"Mzee wa maharage. Unatafuta nini?"

"Sitafuti. Naangalia tu. Weupe wake unapendeza."

Tangu Makanya iwepo, hajatokea mtu aliyemwambia mwenye shimo kwamba jasi yake inapendeza bila kuwa na mnunuzi mfukoni. Kabla Hezroni hajamaliza kuangalia, watu walikuwa wamekuja kumvuta mikono, kila mmoja anataka kumwonyesha shimo lake na kumsema vibaya jirani. Alipoapa kwamba hanunui kitu, ndipo wakasadiki kwamba ananunua. Jioni ilikuwa imekwishajulikana: kuna tajiri anakuja, Hezroni katumwa kunusa. Wenye mashimo wakaacha kuuziana. Wengine mpaka leo hawajaanza tena.

Akaona Makanya hakufai. Akahamia barabara ya Kisiwani.

Hiyo ndiyo barabara aliyoipenda hasa. Ukitoka Same unapanda mwinuko wenye mawe, na ukiuvuka unateremka na milima mkono wa kulia na pori la hifadhi mkono wa kushoto, tambarare, limenyooka mpaka macho yachoke. Kisha ghafla, baada ya ukavu wote huo, unakutana na maji ya mifereji, migomba, na ubaridi unaonuka udongo. Baiskeli ilishuka bila kelele. Pundamilia mmoja alimtazama Hezroni mpaka akapita, wala hakumuuliza anaenda wapi.

Kisiwani walimuuliza. Salama, mjane muuza nazi na ndizi, aliyefanya naye biashara miaka mingi, alikuwa mlangoni kwake barabarani.

"Shikamoo, mzee Hezroni! Leo bila gari! Umekuja kununua?"

"Marahaba. Sinunui, mama. Natembea tu."

"Umekuja kutembea!" Salama akapiga makofi. "Enyi watoto! Leteni kiti, mzee amekuja kutembea!"

Hapo tena hakuna pa kutokea. Anayepita, anapita, lakini aliyekuja kutembea ni mgeni, na mgeni anakaa. Akakalishwa. Ukapikwa wali wa nazi na mbaazi. Bibi mkwe wa Salama, asiyesikia vizuri, akaletwa kumsalimia, akamsalimia upya kila alipokwisha kumsalimia. Betri ikawa imeshuka, chaja ikachomekwa ukutani kwa Salama. Alipoondoka jua lilikuwa limeelemea, na nyuma ya baiskeli kuna mkungu wa ndizi na jogoo mwenye hasira. Mandhari ya kurudi hakuiona. Alikuwa akimwona jogoo.

Wiki iliyofuata akajaribu kupita bila kusimama. Salama alisimama katikati ya barabara. "Nimekukosea nini, mzee, mpaka unaupita mlango wangu?" Akaingia, akala. Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi: kila Alhamisi Hezroni anakwenda kuangalia pori, anaishia kuangalia sahani.

Sasa neno hili "kutembea" kila mtu hulitia maana yake. Kwa Hezroni lilikuwa kupunga upepo. Kwa Salama lilikuwa ugeni. Lilipofika sokoni Same, likiwa limebebwa na Dorkas muuza dagaa, jirani wa Hezroni ukuta kwa ukuta, lilikuwa limeshabadilika tena.

"Mama Anaeli," Dorkas alimwambia Yudith, mke wa Hezroni, huku akipepea nzi wasiokuwepo. "Mimi si mtu wa maneno. Ila mzee wako anatembea Kisiwani."

"Anatembea na nani?"

"Umesema wewe. Mimi nimesema anatembea." Akasogeza sufuria ya dagaa. "Na nasikia akiishiwa nguvu, anachajiwa hukohuko."

Yudith alikuwa mwanamke wa Gonja, na kesi zake alizisikiliza mwenyewe. Hakulia, hakuenda kwa mchungaji. Alifunga meza yake ya vitenge, akaenda nyumbani, akaweka kiti mlangoni, akangoja.

"Baba Anaeli."

"Naam, mama."

"Nasikia unatembea."

"Natembea, ndiyo," Hezroni akajibu akivua glavu, na uso wa mtu asiye na hatia, uso mbaya kuliko yote ya kuingia nao nyumbani saa kama ile.

"Unakubali!"

"Kuna ubaya gani? Kila siku madaktari wanasema watu wa umri wetu tutembee."

"Daktari gani huyo? Nitajie."

"Hata wewe nilitaka nikuchukue siku moja. Salama anapenda sana wageni."

Yudith akashika ukingo wa kiti. Kidogo tu Hezroni angevaa kile kiti kichwani, na kofia ngumu alikuwa ameshaivua. Ndipo mwanga ukamfikia.

"Mama! Si hivyo! Mimi nafuata mandhari!"

"Mandhari ni nani tena? Naye wa Kisiwani?"

Ilichukua muda. Alieleza wingu, alieleza pori, alieleza jasi ya Makanya jua likiipiga. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujisikia mpumbavu. Yudith alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayedai kitenge kimechuja.

"Yaani mtu mzima," akasema mwishowe, "anapanda baiskeli kwenda kuangalia kitu kisichouzwa?"

"Ndiyo."

"Heri ungeniambia ni Salama. Salama ningemwelewa." Akasimama. "Jumamosi utanipakia, nikaione hiyo mandhari. Nikiikuta, baiskeli yako. Nisipoikuta, Jumatatu namuuzia Ibrahimu, na kofia naweka mayai."

Usiku ule Hezroni hakupata raha. Alijua Yudith hutimiza, na alijua tayari kwamba bila zile asubuhi zake hataweza tena kukaa kwenye gunia la maharage akaona dunia imetosha. Ameharibika. Akaomba tu Jumamosi pasiwe na ukungu.

Jumamosi haikuwa na ukungu. Yudith alikaa kwenye keria upande, kitenge kimefungwa kiunoni, mwavuli mkononi. Baiskeli ile ilitengenezwa kwa ajili ya Mzungu mmoja mwembamba. Tambarare iliwavumilia. Mwinuko ulipoanza, ikatoa sauti kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, na Hezroni akarudi kukanyaga pedali kama baba yake.

Mwendo ukawa mdogo kiasi kwamba kila waliyekutana naye alipata nafasi ya kuwasalimia na kuwahoji. Mama mmoja mwenye kuni akauliza wanaenda wapi.

"Tunatemb..." Hezroni akaanza, akafinywa ubavuni.

"Tuna kesi," Yudith akasema.

Mama wa kuni akasogea pembeni kabisa, akainamisha kichwa. Hakuuliza zaidi. Hakuwapa mzigo wa kupeleka kwa dada yake. Hezroni, aliyekuwa ameshabeba mizigo ya nusu ya wilaya kwenye barabara ile, hakuamini.

Mbele kidogo mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alikuja mpaka barabarani.

"Shikamoo, mzee wetu," Yudith akawahi.

"Marahaba, wanangu. Safari?"

"Kesi, baba."

Uso wa mzee ukachangamka kama kaletewa pombe. "Ya mpaka?"

"Ya mpaka."

"Na mashahidi mnao?"

"Wapo."

"Msikubali suluhu! Mimi ya kwangu ilipita kwa waamuzi wote mpaka wakastaafu." Na mzee yule, asiyejua kesi yenyewe wala wadaiwa, akaweka fimbo chini, akashika keria, akaisukuma baiskeli mpaka karibu na kilele. Pale akawaombea kwa Mungu adui yao ashindwe vibaya, akarudi kwa mbuzi wake.

Walipofika juu Hezroni alisimamisha baiskeli, akafuta jasho, akanyoosha mkono. Nyuma yao Same ilikuwa imetandazwa na mabati yake, na barabara kuu, na reli. Mbele pori la hifadhi lilikuwa limelala la manjano mpaka Kenya. Kulia, milima ilikuwa imesimama na wingu zito kichwani.

"Ndiyo hii," akasema.

Yudith alitazama. Alitazama kulia kwa muda mrefu.

"Mvua imeanza kule juu," akasema. "Tangawizi haishuki wiki hii. Wenye mzigo wauze taratibu."

Hezroni akaona amekwisha. Ameileta mandhari yake, naye kaigeuza meza ya sokoni. Akaanza kuikunja glavu, akimuwaza Ibrahimu akiendesha baiskeli ile kwa kelele za mdomo.

Lakini Yudith hakuondoka. Alifunga mwavuli, akavua ndala, akakaa juu ya jiwe. Upepo ulimpiga, akaacha kitambaa kichwani kiporomoke bila kukifunga. Hezroni hakuthubutu kukohoa. Kivuli cha wingu kilitoka milimani, kikavuka barabara, kikaenda porini polepole, naye akakifuata kwa macho mpaka kikaisha. Halafu akangoja kingine.

"Hii unaiona kila Alhamisi?" akauliza.

"Kila Alhamisi."

"Bila kuniambia."

"Nilikuambia, ukaniuliza mandhari ni nani."

Yudith akainuka, akavaa ndala zake, akaja pale baiskeli ilipokuwa. Usichana wake aliumaliza Gonja juu ya baiskeli ya mjomba wake mwalimu, akishuka nayo mteremko wa zahanati bila breki, kwa sababu breki hazikuwepo. Akashika usukani, akaujaribu, akampokonya Hezroni kofia.

"Hapa panateremka mpaka wapi?"

"Mpaka kwa Salama. Mama Anaeli, ngoja kidogo, sisi wawili hatu..."

"Nani kasema wawili? Nimeikuta, sijakataa. Haiuzwi." Akafunga mkanda wa kofia chini ya kidevu. "Acha na mimi nikatembee. Glavu."

Akampa glavu. Yudith akasukuma mara moja kwa mguu, akaondoka kimya kimya, kitenge kikipepea, mwavuli umefungwa kwenye keria. Kwenye kona ya kwanza akapiga kelele, na haikuwa ya hofu. Kisha akapotea kuelekea kwenye wali wa nazi.

Hezroni alingoja mpaka ikawa haina maana kungoja, akaanza kuteremka upande wa Same kwa miguu. Mzee wa mbuzi alikuwa palepale. Alimwona anakuja peke yake, hana baiskeli, hana kofia, hana mke, akaelewa yote.

"Maskini," akasema. "Imeshaamuliwa?"

"Imeamuliwa."

"Na mke wako je?"

"Yeye kashinda."

Mzee akamshika bega, akamwangalia machoni kwa uchungu wa kweli.

"Kata rufaa, mwanangu," akasema. "Leo hii hii. Kata rufaa."